UZI: Maji ya kijani na mwani kwenye bwawa la samaki la nyumbani (Goma, Kongo)

Keshero_Bwawa

Jambo kwenu wote. Swali kwa wanaofuga samaki paselini (kiwanjani nyumbani). Bwawa ni la simenti, mita 4 kwa 2.5, kina mita 1, linapigwa jua tangu asubuhi hadi saa kumi. Ndani kuna karpe za rangi 14 na tilapia wadogo kama 20. Maji ni ya mvua kutoka kwenye bati, kiangazi tunaongeza ya Ziwa Kivu. Sasa yamekuwa kijani kizito: ukizamisha mkono hadi kiwiko, vidole havionekani. Kwenye kuta kumeota nyuzi ndefu. Pampu iliyopo ni ya chemchemi tu, filta hakuna. Mmoja ananishauri nitie javeli (maji ya klorini ya kufulia), mwingine mrututu (salfeti ya shaba). Ninachotaka ni samaki waonekane hadi chini. Nianzie wapi?

Kivu_Kemia

Javeli hapana, mrututu hapana. Sababu zinakuja, lakini kwanza ujue ni kitu gani kimo majini. Hapa Goma wako wanaopigana na mwani kumbe shida yao ni vumbi la makoro (mawe ya volkano), na wengine kinyume chake.

Jaza maji ya bwawa kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, uiache mahali tulivu usiku kucha. Asubuhi ukikuta tope jeusi au la kijivu limetuama na juu maji yameng'aa, hilo ni vumbi na mavi ya samaki. Litaondoka kwa kutuamishwa na kuchujwa. Maji yakibaki kijani toka juu hadi chini, ni mwani mdogo unaoelea. Chembe zake hupita kwenye sponji na kitambaa chochote, kwa hiyo usipoteze franga kununua sponji nene zaidi. Na ukiona juu utando wa kijani-buluu, kama rangi iliyomwagika, wenye harufu ya udongo au ukungu, hao ni sianobakteria. Usiwashike kwa mikono mitupu, na mbwa au mbuzi asinywe hapo, kwa sababu baadhi yao wana sumu inayoharibu ini.

Nyuzi za ukutani ni mwani wa aina nyingine. Wenyewe mara nyingi hunawiri hata maji yakiwa safi kabisa, na dawa ya maji ya kijani haiugusi. Zaidi ya hapo kuna koga fupi ya kijani inayofunika simenti kama zulia. Hiyo iache. Inakula virutubisho vilevile ambavyo mwani unaoelea ungekula, na samaki wanaichuna.

Sasa chanzo. Mwani ni mmea: ukiwa na jua na mbolea, unaota. Jua hatuwezi kulilalamikia, tuko karibu na ikweta na mwaka mzima tunapata saa 12 za mchana. Vitabu vya Ulaya vinasema bwawa hutulia majira ya baridi. Kwetu mwani hauna likizo. Inabaki mbolea, na mbolea hiyo unaitia wewe kila siku kwa jina la chakula cha samaki. Piga hesabu. Chakula chenye protini 30%: nitrojeni ni protini kugawanya kwa 6.25, basi gramu 100 za chakula zina nitrojeni gramu 4.8. Samaki anabakiza mwilini robo hadi theluthi. Zaidi ya gramu 3 zinarudi majini, nyingi zikiwa amonia inayotoka kwenye matamvua. Ukiwapa gramu 100 kwa siku, kwa mwezi mmoja umeweka kama gramu 100 za nitrojeni kwenye lita zako 10,000, yaani miligramu 10 kwa kila lita. Mwani unashiba kwa sehemu ndogo tu ya hiyo.

Ndiyo maana kuua mwani bila kuondoa mbolea ni kazi bure. Unakufa, unaoza, unarudisha kila ulichokula, na kizazi kinachofuata kinakuta meza imeandaliwa.

Kuhusu mrututu: kiasi ambacho samaki anavumilia kinategemea ualikali wa maji, yaani uwezo wake wa kuizuia pH (kipimo cha asidi) isiyumbe. Kanuni ya wafugaji ni kuchukua ualikali kwa miligramu kwa lita, kugawanya kwa 100, na jibu ndilo kipimo cha mrututu kwa miligramu kwa lita. Ualikali ukiwa chini ya 50, hautiwi kabisa. Maji ya mvua karibu hayana ualikali, kwa hiyo dozi ambayo kwa mwenzako imefanya kazi kwako itaua karpe zote. Javeli inachoma matamvua na kuua bakteria wanaosafisha maji. Chokaa iliyochomwa ni ya bwawa tupu lisilo na samaki, maana inapandisha pH hadi 11 au 12.

Mama_Matembele

Asante Mkubwa Kemia. Ninaongeza upande wa mimea, na wala haina gharama.

Keshero_Bwawa, funika nusu ya uso wa maji. Nusu hadi asilimia 60, usizidishe, maji yanahitaji kupumua. Ukiwa na haraka tandika neti ya kivuli ya 50% upande wa magharibi, ikate jua la mchana. Yungiyungi ni mzuri zaidi: panda kwenye ndoo pana yenye udongo mzito, juu yake weka changarawe ili karpe wasiufukue, zamisha ndoo hadi sentimita 40. Gugu maji na saladi ya maji zinanyonya mbolea kwa kasi sana, nakubali, lakini kipande kimoja kikiponyoka na maji ya mvua kitafika ziwani na hakuna atakayekirudisha. Ukizitumia, kila unachopunguza kizike kwenye mboji, mbali na mfereji.

Kitanda cha mimea ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Tengeneza beseni la simenti au la mbao lenye bashe (turubai), mita 2 kwa 0.75, kina sentimita 35, kando ya bwawa na juu yake kidogo. Lijaze makoro, pitisha humo maji yanayotoka kwenye filta, yarudi bwawani kwa kuporomoka. Panda matembele: vikonyo tu, bila udongo, mizizi inajitafutia njia kati ya mawe. Kresoni na mnanaa zinafanya vizuri pia. Lengalenga inahangaika, mizizi yake haipendi kulowa muda wote. Vuna kila wiki. Mmea usiovunwa unazeeka, unaangusha majani, na mbolea inarudi palepale. Ukivuna, nitrojeni inatoka paselini kupitia sufuria.

Tilapia_Minova

Kabla hamjamsafishia maji yote, nauliza: wale tilapia ni wa kula au wa kutazama?

Maana kwa tilapia wa kula, kijani ni chakula. Mfugaji anakitafuta, anatia hata mavi ya kuku ili kipatikane. Kinachotakiwa ni kukipima. Kata sahani ya plastiki au bati ya upana wa sentimita 20, ipake robo nyeupe, robo nyeusi, robo nyeupe, robo nyeusi, ifunge kwenye kamba yenye alama. Zamisha mchana jua likiwa juu. Inapopotea machoni, soma kina. Kati ya sentimita 30 na 45 ni bwawa zuri la tilapia. Chini ya 20 ni hatari. Zaidi ya 60, samaki wanategemea mfuko wako peke yake.

Hatari yenyewe iko alfajiri. Mchana mwani unatoa oksijeni, usiku unaivuta pamoja na samaki, na kabla ya jua kuchomoza ndipo inakuwa chini kabisa. Hapa kwetu ni mbaya zaidi kuliko pwani: kwenye mita 1,500 juu ya bahari, maji ya nyuzi 20 yanashika oksijeni kama miligramu 7.6 kwa lita, pwani yangeshika 9. Ukiona samaki wanavuta hewa juu ya maji saa kumi na moja asubuhi, simamisha chakula siku hiyo, washa chemchemi usiku (wengi wanaizima usiku, na ndiyo saa inayohitajika), na toa robo ya maji. Siku ya mawingu mazito baada ya jua kali ndiyo inayoua mabwawa ya kijani.

Keshero_Bwawa

Aksanti sana. Ni wa kutazama wote. Tilapia waliletwa wale mwani, ndivyo nilivyoambiwa.

Tilapia_Minova

Wanakula kweli, ila wanakitoa kwa nyuma kikiwa mbolea tayari. Juu ya hapo wanazaana kwenye kina chochote na kufukua viota. Kwenye bwawa la kutazama waondoe. Baki na karpe, na jumla yao isipite kilo 1 ya samaki kwa lita 1,000. Lita 10,000, kilo 10.

Fundi_Tiyo

Tuje kwenye filta. Goma tumekalia mali ambayo wengine wanaiagiza kwa dola: makoro mepesi, yale mekundu au meusi yenye vitundu. Kila kitundu ni makao ya bakteria. Msichanganye na lava nzito ya kujengea, hiyo ni jiwe tupu, uso wake mdogo.

Kwa lita 10,000 unahitaji pampu inayofikisha lita 4,000 hadi 5,000 kwa saa *kwenye filta*. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyoinua maji hata sentimita moja. Ukiinua mita 1.5, pampu nyingi za bei ndogo zinapoteza nusu. Pima mwenyewe: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 18, hiyo ni lita 4,000 kwa saa. Tiyo (bomba) ya kupandisha iwe ya milimita 40, kona chache. Ukiweka ya 20 unaikaba pampu. Ya kurudisha maji, kwa vile yanashuka yenyewe, iwe 63 au zaidi.

Pipa la kwanza ni la kutuamisha, lita 200. Maji yaingie kwa ubavu, chini ya nusu ya pipa, ili yazunguke polepole na uchafu ukusanyike katikati chini, penye robine (koki) ya milimita 50. Nusu ya juu jaza nyavu kuukuu za sambaza zilizofuliwa bila sabuni, zinashika vipande vinavyoelea. Pipa hili linachafuka haraka: fungua robine mara mbili kwa wiki hadi maji yatoke bila tope.

Kutoka hapo maji yanaingia kwenye tanki la lita 1,000, lile la kizimba cha chuma, lililokatwa juu. Chini pindua kazye (kreti) za bia, juu yake weka wavu mgumu wa plastiki, ili kubaki nafasi tupu ya sentimita 25. Maji yaingie kwenye nafasi hiyo na kupanda juu kupita kwenye mawe. Weka makoro ya ukubwa wa sentimita 3 hadi 5, unene sentimita 40, kisha madogo ya 1 hadi 2, unene sentimita 20. Robine nyingine ya kutolea tope chini kabisa. Ukisahau nafasi ya chini na robine yake, mawe yatajaa tope, maji yatajichimbia njia moja, na kilichobaki kitaoza bila hewa. Ndilo kosa ninaloliona kwenye filta nyingi za mjini. Sakafu iwe imara pia, tanki lililojaa linapita tani moja kwa urahisi.

Kuosha makoro kabla ya kuyaingiza ni kazi ya mikono na haina njia ya mkato. Yachekeche kwanza, kisha yaoshe kwenye pipa hadi maji ya kuoshea yawe meupe. Vumbi lile jeusi likiingia bwawani litachukua wiki kutua. Na makoro hayawekwi wazi bwawani, ncha zake zinachana ngozi za karpe.

Pampu iinue sentimita 25 hadi 30 kutoka sakafuni. Wengine wanaiweka chini kabisa inyonye tope, na kweli inanyonya zaidi, lakini tiyo ikifunguka usiku utakuta bwawa limekauka. Tope la chini livute mwenyewe kwa tiyo mara moja kwa wiki, pamoja na asilimia 10 ya maji.

Keshero_Bwawa

Mkubwa Fundi, pipa moja la lita 200 lenye makoro halitoshi? Nafasi ni ndogo.

Fundi_Tiyo

Kwa lita 4,000 kwa saa, maji yanakaa ndani ya pipa la lita 200 dakika 3 tu, na ukitoa nafasi iliyoliwa na mawe ni pungufu. Linaweza kubeba samaki wa kilo 2 au 3. Kama nafasi ni shida, punguza samaki.

Bkv_Nguba

Salamu kutoka Bukavu. Kwetu udongo ni mfinyanzi mwekundu, basi kwenye ile chupa ya Kemia tunaona jambo la nne: maji ya rangi ya chai ya maziwa ambayo hayatui hata baada ya siku mbili. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno. Hapo shabu (alum) inasaidia. Jaribu kwanza kwenye ndoo kadhaa za maji ya bwawa: lita 20 na gramu 0.2, nyingine 0.4, nyingine 0.6. Kipimo kidogo kinachosafisha ndani ya saa moja ndicho unachokizidisha. Gramu 0.2 kwenye lita 20 ni sawa na gramu 10 kwa lita 1,000. Iyeyushe kwanza kwenye bido (dumu), imwage kuzunguka bwawa lote.

Lakini kila gramu ya shabu inakula kama nusu gramu ya ualikali, na pH ikishuka chini ya 6 aluminiamu inakuwa sumu kwa samaki. Shabu inanasa fosfati pia, ndiyo maana wengine wanaitumia dhidi ya mwani.

Na jengeni ukingo wa sentimita 15 kuzunguka bwawa. Maji ya uani yanaleta tope, sabuni ya kufulia na mbolea ya bustani kwa mvua moja.

Kivu_Kemia

Ushauri wa Bkv_Nguba uchukuliwe na tahadhari yake, hasa kwa mwenye maji ya mvua. Na hapa nimjibu Keshero_Bwawa kuhusu maji yake, maana ana maji mawili yaliyo kinyume kabisa.

Mvua ni laini. Mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo ina asidi juu yake, kwa hiyo maji ya kwanza ya kila mvua yaache yamwagike, yachukue yale yanayofuata. Filta nayo inaposhughulikia amonia inakula ualikali: kama gramu 7 kwa kila gramu ya nitrojeni. Mahali penye mvua tupu, miezi michache baadaye pH inaporomoka, bakteria wanasimama kazi, amonia inapanda, na mwenye bwawa anashangaa kwa nini kijani kimerudi. Makoro hayasaidii hapo, hayana chokaa ndani. Tumia bikarboneti ya soda: gramu 100 kwa lita 1,000 zinaongeza ualikali wa miligramu 60 kwa lita. Kwa bwawa lako kilo 1, igawe siku tatu. Lenga ualikali kati ya 80 na 120.

Ziwa Kivu ni kinyume: magadi mengi, magnesi nyingi, pH karibu 9. Ualikali wa bure, basi ndoo moja ya ziwa kwa ndoo tano za mvua ni mwanzo mzuri, halafu pima. Usijaze ya ziwa peke yake bwawa lenye samaki wengi. Kwenye nyuzi 20, maji ya pH 7 yana asilimia 0.4 tu ya amonia katika hali ya sumu. pH 8, karibu 4. pH 9, asilimia 28. Amonia ileile, bwawa lilelile. Na mwani mzito unapandisha pH saa za alasiri, ndiyo maana upime asubuhi na saa tisa mchana. Kipimo kimoja kinadanganya.

Maji ya bomba yakae siku mbili kwenye pipa wazi yakikorogwa ili klorini itoke. Ukitaka haraka, thiosulfati ya sodiamu gramu 7 kwa lita 1,000 inaondoa klorini ya miligramu 1 kwa lita.

Keshero_Bwawa

Nimeelewa. Filta ikishaanza, kijani kitaondoka baada ya muda gani? Na nyuzi za ukutani? Na umeme ukikatika?

Mama_Matembele

Nyuzi ni mkono. Chukua fimbo yenye mikwaruzo au brashi ya choo mpya, izungushe, zinajifunga zenyewe. Zitoe nje siku hiyohiyo, zikibaki ukingoni mvua inarudisha maji yake ndani. Kisha punguza chakula: kiishe ndani ya dakika 5, mara moja kwa siku. Maji yakiwa chini ya nyuzi 18, siku moja walishe, nyingine waache.

Fundi_Tiyo

Bakteria wanahitaji wiki 6 hadi 8 kwa baridi ya hapa. Wiki za mwanzo amonia inapanda, kisha nitriti, ambayo inazuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Chumvi isiyo na vichanganyo, kilo 1 kwa lita 1,000, inawakinga kipindi hicho. Maji yanaweza kubaki kijani hadi wiki ya nane au zaidi, usiosheoshe filta kwa hasira. Ukiosha, tumia maji ya bwawa, nusu ya mawe leo na nusu baada ya wiki mbili. Maji ya bomba yanaua ulichosubiri.

Kama hutaki kusubiri, taa ya UV (miale ya urujuanimno) inaondoa mwani unaoelea ndani ya wiki moja au mbili. Wati 30 hadi 36 kwa bwawa lako, iwekwe baada ya pipa la kutuamisha. Maji machafu yanazuia miale. Kioo chake kifutwe siki kila mwezi, na balbu ibadilishwe baada ya mwaka hata ikiwaka bado, miale inakuwa imepungua. Usiitazame ikiwaka. Nyuzi za ukutani haizigusi, na mbolea inabaki majini, kwa hiyo kitanda cha matembele usikiache.

Umeme: pampu ya wati 60 inakula kilowati-saa 1.44 kwa siku. Ukikatika saa moja au mbili, hakuna shida. Ukipita saa 4, maji yaliyosimama kwenye makoro yanaishiwa oksijeni na bakteria wanaanza kufa. Usiwashe moja kwa moja umeme ukirudi. Fungua robine za chini, mwaga maji yote ya filta kwenye migomba, kisha ndipo uwashe. Mkatiko mrefu ukitarajiwa, mwaga maji ya filta mapema na uyaache makoro yakiwa mabichi yenye hewa, yamefunikwa gunia lililolowa. Yanadumu zaidi hivyo kuliko kuzama kwenye maji yaliyokufa. Na siku hiyo samaki wasilishwe.